Alexei Nikolaevich wa Urusi

Alexei Nikolaevich Romanov (Peterhof, 12 Agosti 1904 – Yekaterinburg, 17 Julai 1918) alikuwa mtoto wa mwisho na mwana pekee wa Tsar Nikolai II wa Urusi na mke wake Alexandra Feodorovna. Tangu kuzaliwa kwake hadi Machi 1917 alikuwa mrithi wa kiti cha enzi cha Urusi.

Anajulikana hasa kwa ugonjwa wa hemofilia, ambao aliurithi kupitia mama yake kutoka kwa Malkia Victoria wa Uingereza, mama wa bibi yake. Ugonjwa huo huwapata hasa wanaume, lakini mara nyingi hupitishwa na wanawake ambao wenyewe hawaonyeshi dalili. Uliathiri maisha yake yote pamoja na siasa za Urusi katika miaka ya mwisho ya utawala wa ukoo wa Romanov.

Aliuawa pamoja na wazazi na dada zake akiwa na umri wa miaka 13. Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi linamheshimu kama mtakatifu.

Tarehe katika makala hii zinafuata kalenda ya Gregori. Urusi ilitumia kalenda ya Juliasi, ambayo katika karne ya 20 ilikuwa nyuma kwa siku 13, hadi mwanzoni mwa mwaka 1918.

Kuzaliwa

Nikolai II na Alexandra walioana mwaka 1894. Watoto wao wanne wa kwanza walikuwa wasichana: Olga (1895), Tatiana (1897), Maria (1899) na Anastasia (1901). Kwa sheria iliyotolewa na Tsar Paulo I mwaka 1797, mwanamke hakuweza kurithi kiti cha enzi maadamu kulikuwa na mwanamume yeyote wa ukoo mwenye haki hiyo. Kwa hiyo kuzaliwa kwa mvulana kulingojewa kwa miaka 10, na Alexandra alilaumiwa waziwazi kwa kutomzaa.

Alexei alizaliwa katika ikulu ya Peterhof karibu na Sankt Peterburg, wakati Urusi ilipokuwa katika vita dhidi ya Japani. Alikuwa mtoto mkubwa mwenye afya nzuri kwa kumtazama. Lakini alipokuwa na umri wa wiki sita hivi alianza kutoka damu kitovuni, na madaktari walitumia muda mrefu kuizuia. Alipoanza kutambaa na kusimama, kila alipojigonga palitokea uvimbe mweusi uliokaa siku nyingi. Wazazi wake walielewa kwamba mrithi wao ana hemofilia.

Ugonjwa katika ukoo wa mama yake

Alexandra aliujua ugonjwa huo kabla ya kumzaa Alexei. Alizaliwa mwaka 1872 kwa jina la Alix, binti wa mtawala wa Hesse nchini Ujerumani na wa Alice, binti wa Malkia Victoria.

Victoria (1819–1901) alikuwa na watoto tisa. Mmoja wa wana wake, Leopold, alikuwa na hemofilia na alifariki mwaka 1884 mjini Cannes, Ufaransa, baada ya kuanguka, akiwa na umri wa miaka 30. Mabinti wawili, Alice na Beatrice, walipokea jeni yenye kasoro bila kuugua. Hakuna dalili kwamba ugonjwa huo ulikuwepo katika ukoo kabla ya Victoria. Baba yake hakuwa nao. Wataalamu wengi hudhani kwamba badiliko hilo la jeni lilitokea upya kwake au kwa mmoja wa wazazi wake.

Kupitia mabinti hao wawili ugonjwa ulifika katika koo kadhaa za kifalme za Ulaya:

- Alice alimzaa Friedrich, aliyefariki mwaka 1873 akiwa na umri wa miaka 2 baada ya kuanguka kutoka dirishani. Mabinti zake wawili, Irene na Alix, walikuwa wabebaji.
- Irene aliolewa katika familia ya kifalme ya Prussia. Wana wake wawili, Waldemar na Heinrich, walikuwa na hemofilia. Heinrich alifariki Februari 1904 akiwa na umri wa miaka 4, miezi michache kabla ya Alexei kuzaliwa.
- Beatrice alikuwa na mwana mgonjwa, naye binti yake Victoria Eugenie aliolewa na Mfalme Alfonso XIII wa Hispania. Wana wao wawili, Alfonso na Gonzalo, walikuwa na hemofilia, na wote wawili walifariki kwa kutokwa na damu baada ya ajali za gari.

Hivyo Alexandra alikuwa amempoteza kaka, mjomba na mtoto wa dada yake kwa ugonjwa uleule aliouona kwa mwanawe. Alijua kwamba umepitia kwake, na hisia ya kuwa na hatia haikumwacha.

Jinsi hemofilia inavyorithiwa

Damu ya mtu mwenye afya huganda kwa kazi ya protini kadhaa zinazofuatana. Protini hizo huitwa vigandishi na hutajwa kwa namba. Katika hemofilia A kigandishi cha 8 hakipo au hakitoshi, na katika hemofilia B ni kigandishi cha 9. Jeni za vigandishi hivyo viwili ziko kwenye kromosomu X.

Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, na jozi moja kati yake huhusika na jinsia. Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu X mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwanamume ana X moja kutoka kwa mama na Y moja kutoka kwa baba. Kromosomu Y ni ndogo na haina jeni za vigandishi hivyo.

Mwanamke mwenye jeni moja yenye kasoro huwa na jeni nyingine nzima kwenye X yake ya pili. Mara nyingi hiyo hutosha kugandisha damu, ingawa baadhi ya wanawake hao hutokwa na damu kuliko kawaida. Mwanamke wa namna hii huitwa mbebaji. Mvulana akipokea X yenye kasoro hana jeni nyingine ya kuifidia, kwa hiyo huugua.

Matokeo yake ni haya:

- Mama akiwa mbebaji na baba akiwa mzima, kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua, na kila mtoto wa kike ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa mbebaji. Uwezekano huo ni uleule kwa kila mimba, wala hautegemei watoto waliotangulia.
- Baba akiwa mgonjwa na mama akiwa si mbebaji, mabinti wote huwa wabebaji na wana wote huwa wazima, kwa sababu baba humpa binti kromosomu X na humpa mwana kromosomu Y.
- Baba akiwa mgonjwa na mama akiwa mbebaji, binti anaweza kupokea jeni mbili zenye kasoro na kuugua. Hali hiyo ni nadra.

Ukoo wa Victoria unaonyesha hayo yote isipokuwa la mwisho. Leopold, aliyekuwa mgonjwa, alizaa mwana mzima na binti mbebaji, na mwana wa binti huyo alikuwa na hemofilia. Kwa upande mwingine, Mfalme Edward VII, mwana mkubwa wa Victoria, alipokea kromosomu X iliyo nzima. Kwa hiyo hakuwa na ugonjwa wala hakuweza kuupitisha kwa wazao wake.

Mpangilio huo ulijulikana kabla ya sababu yake kufahamika. Mwaka 1803 daktari John Conrad Otto wa Philadelphia, Marekani, aliandika juu ya familia ambamo wanaume walitokwa na damu bila kukoma huku wanawake wazima wakipitisha tabia hiyo kwa wana wao. Maelezo yalipatikana mwaka 1910, Alexei alipokuwa na umri wa miaka 6. Mwaka huo Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichunguza inzi wa matunda wenye macho meupe na kuonyesha kwamba jeni ya sifa hiyo hufuatana na kromosomu X.

Kwa ukoo wa Romanov mambo hayo yalikuwa na matokeo mazito. Sheria ya kurithi kiti cha enzi ilitaka mtoto wa kiume. Katika familia hiyo wasichana wanne, hata kama wangekuwa wabebaji, wangeweza kuishi maisha ya kawaida. Mtoto pekee aliyekuwa hatarini ndiye pekee ambaye sheria ilimkubali.

Utoto

Ugonjwa wa Alexei ulifanywa siri ya dola. Wananchi hawakuambiwa, na hata watu wengi wa ikulu hawakujua jina lake. Pierre Gilliard, mwalimu kutoka Uswisi aliyekuwa akiwafundisha dada zake Kifaransa, alifanya kazi ikulu kwa miaka kadhaa kabla ya kuelezwa.

Mabaharia wawili, Andrei Derevenko na Klimenty Nagorny, walipewa kazi ya kumfuata mtoto kila mahali ili asianguke. Alikatazwa kupanda baiskeli na kucheza michezo ya nguvu. Jeraha dogo la ngozi halikuwa hatari kubwa kwake, kwani liliweza kufungwa kwa bandeji. Hatari ilikuwa kuvuja damu ndani ya mwili, hasa katika magoti, vifundo vya miguu na viwiko. Damu iliyojaa katika kiungo ilileta maumivu makali, ikaharibu mifupa na kuukunja mguu au mkono. Ndiyo maana mara nyingi alionekana akichechemea au akibebwa, na kwa vipindi alivaa vyuma vya kunyoosha mguu.

Wakati huo hakukuwa na dawa yoyote ya kumpa kigandishi kilichokosekana. Madaktari, akiwemo Eugene Botkin, waliweza kumlaza tu, kumfunga bandeji na kungoja.

Wote waliomfahamu walimweleza kuwa mtoto mchangamfu, mtundu na mwenye upendo. Alipenda kupiga balalaika na kucheza na mbwa wake aliyeitwa Joy. Gilliard, alipokuwa mwalimu wake, aliwashauri wazazi wapunguze ulinzi ili mtoto ajifunze kujizuia mwenyewe. Wazazi walikubali. Muda mfupi baadaye Alexei aliteleza kutoka kwenye kiti akaumia goti, lakini hawakumlaumu mwalimu wala hawakubadili uamuzi wao.

Mwaka 1913, wakati wa sherehe za miaka 300 ya utawala wa Romanov, watu wa Moscow walimwona mrithi wao akibebwa mikononi katika maandamano. Kwa kuwa hakuna maelezo yaliyotolewa, uvumi wa kila namna ulienea.

Spała, 1912

Shambulio baya kuliko yote lilitokea mwaka 1912. Mnamo Septemba, familia ilipokuwa Białowieża, Alexei alijigonga alipokuwa akirukia mashua. Alionekana kupata nafuu. Baadaye huko Spała, katika sehemu ya Polandi iliyokuwa chini ya Urusi, mtikisiko wa gari la farasi ulisababisha damu kuvuja upya katika paja na kinena.

Uvimbe ulikua kwa siku kadhaa, homa ikapanda, na mtoto hakuweza kulala wala kunyoosha mguu. Mama yake alikaa kando ya kitanda karibu muda wote. Tarehe 23 Oktoba alipewa sakramenti za mwisho. Kwa mara ya kwanza ikulu ilitangaza kwamba mrithi ni mgonjwa sana, bila kutaja ugonjwa wenyewe, na ibada za kumwombea zilifanyika makanisani kote nchini.

Mama yake aliagiza telegramu ipelekwe kwa Grigori Rasputin, aliyekuwa kijijini kwake Pokrovskoe huko Siberia. Rasputin alijibu kwamba mtoto hatakufa, na kwamba madaktari wasimsumbue mno. Muda mfupi baadaye damu iliacha kuvuja. Alexei alihitaji karibu mwaka mzima kabla ya kutembea vizuri tena.

Rasputin

Rasputin, mkulima aliyesifika kama mtu wa sala, alikutana na Tsar na mke wake mara ya kwanza mwaka 1905. Katika miaka iliyofuata aliitwa mara kadhaa Alexei alipoumia, na mara kadhaa mtoto alipata nafuu baada ya sala zake. Baada ya tukio la Spała, Alexandra aliamini kabisa kwamba maisha ya mwanawe yanamtegemea mtu huyo.

Wanahistoria na madaktari wametoa maelezo mbalimbali. Huenda Rasputin alimtuliza mtoto na mama yake, na utulivu huo ulisaidia. Huenda kuwazuia madaktari wasimguseguse mgonjwa kuliiacha damu igande. Wengine wamedokeza kwamba kuzuia dawa kuliepusha matumizi ya aspirini, ambayo hupunguza uwezo wa damu kuganda. Inawezekana pia kwamba baadhi ya nyakati damu ilikuwa karibu kukoma yenyewe. Hakuna maelezo yaliyothibitishwa.

Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa siri, Warusi hawakuelewa kwa nini mtu mwenye sifa ya ulevi na uasherati anapokelewa ikulu. Kashfa hiyo ilipunguza heshima ya familia ya Tsar, hasa ya Alexandra, aliyechukiwa pia kwa asili yake ya Kijerumani.

Vita na kung'atuka kwa Tsar

Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Nikolai II alijiteua kuwa amiri jeshi mkuu akahamia makao makuu ya jeshi huko Mogilev. Alimchukua Alexei akae naye ili azoee maisha ya askari. Desemba mwaka huohuo mtoto alitokwa na damu nyingi puani baada ya kupiga chafya, akarudishwa nyumbani akiwa mahututi, lakini alipona na baadaye akarudi Mogilev.

Huku nyuma Alexandra alijihusisha zaidi na mambo ya serikali na kufuata ushauri wa Rasputin katika kuteua mawaziri. Rasputin aliuawa na watu wa tabaka la juu mnamo Desemba 1916.

Mapinduzi yalipoanza, Nikolai aliamua kung'atuka mjini Pskov tarehe 15 Machi 1917. Kwanza alimwachia kiti mwanawe. Saa chache baadaye alimwita Profesa Sergei Fedorov, daktari wa upasuaji aliyemtibu Alexei, akamwuliza kama mtoto angeweza kupona. Daktari alimjibu kwamba ugonjwa huo hauna tiba, na kwamba mtoto huenda angetenganishwa na wazazi wake. Nikolai alibadili uamuzi akamwachia kiti ndugu yake Mikhail, ingawa sheria haikumruhusu kuitoa haki ya mwanawe. Siku iliyofuata Mikhail alikataa kupokea madaraka, na utawala wa Romanov uliodumu miaka 304 ukaisha.

Kifungo na kifo

Familia iliwekwa kizuizini huko Tsarskoe Selo karibu na mji mkuu, na Agosti 1917 ikapelekwa Tobolsk, Siberia. Huko, katika majira ya kuchipua ya mwaka 1918, Alexei alivuja tena damu kinenani. Wabolsheviki walipowahamisha wazazi wake kwenda Yekaterinburg mnamo Aprili, yeye hakuweza kusafiri. Alexandra alilazimika kuchagua kati ya mume na mwana. Alimfuata mumewe pamoja na Maria, akawaacha dada watatu wamwuguze Alexei hadi Mei, watoto wote walipokutana na wazazi wao. Baharia Nagorny, aliyebaki naye hadi Yekaterinburg, alitengwa na familia na kupigwa risasi.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918 familia iliamshwa na kuteremshwa katika chumba cha chini cha nyumba walimofungwa. Alexei hakuweza kutembea, hivyo baba yake alimbeba mikononi. Walinzi wakiongozwa na Yakov Yurovsky waliwaua wote saba pamoja na Dk. Botkin na watumishi watatu. Alexei alikuwa amebakiza chini ya mwezi mmoja kutimiza miaka 14.

Utambulisho wa mabaki

Kaburi la siri nje ya Yekaterinburg lilifukuliwa mwaka 1991 likakutwa na mabaki ya watu tisa. Yalizikwa Sankt Peterburg tarehe 17 Julai 1998. Mabaki ya Alexei na dada yake mmoja hayakuwemo, jambo lililowapa nafasi watu kadhaa kudai kwamba wao ndio watoto waliosalimika.

Julai 2007 mabaki ya mvulana na ya msichana yalipatikana takriban mita 70 kutoka kaburi la kwanza. Vipimo vya DNA vilithibitisha kwamba ni watoto wa Nikolai na Alexandra.

Vipimo hivyo viliwezesha pia kujibu swali la aina ya ugonjwa wao. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Evgeny Rogaev lilitangaza kwamba herufi moja ya DNA ilikuwa imebadilika katika jeni ya kigandishi cha 9. Badiliko hilo linaharibu namna jeni inavyosomwa, na protini kamili haitengenezwi. Alexei alikuwa nalo katika kromosomu X yake pekee. Alexandra alikuwa nalo katika moja ya kromosomu X zake mbili, na mmoja wa dada zake Alexei pia alikuwa mbebaji. Kwa hiyo ugonjwa wa wazao wa Malkia Victoria ulikuwa hemofilia B, ambayo ni nadra kuliko hemofilia A.

Heshima na umuhimu

Alexei na familia yake walitangazwa kuwa watakatifu mwaka 1981 na Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi lililokuwa nje ya nchi, na mwaka 2000 na Upatriarki wa Moscow. Wanaheshimiwa kama watu waliopokea mateso na kifo kwa uvumilivu wa Kikristo. Sikukuu yao ni tarehe 17 Julai.

Katika masomo ya biolojia, ukoo wake ni kati ya mifano inayotumika zaidi kufundishia magonjwa yanayorithiwa kupitia kromosomu X. Siku hizi mgonjwa wa hemofilia B anayepata huduma huchomwa sindano za kigandishi cha 9, naye anaweza kusoma, kufanya kazi na kuwa na familia. Kipimo cha jeni kinaweza kumwonyesha mwanamke kama ni mbebaji kabla hajapata mtoto. Alexandra hakuwa na njia ya kujua hadi damu ilipotoka kwenye kitovu cha mwanawe.